Mashua Tuliyoiacha kwa Sababu ya Baridi

Mpendwa Baba Mwende,

Watoto wamenikodia mashua. Ni kesho, katika bwawa lile lile la Mto Tana, kule mbele ya Mwingi, ambako mimi na wewe tulifika tukageuka. Nakuandikia kwa sababu sijui kama nitakwenda.

Aliyekuwa na hamu ni wewe. Miaka yote ulijenga mabwawa ya mchanga kwenye mito mikavu ya Makueni, maji yakakaa chini ya mchanga jua lisiyanywe. Maji ya kuelea juu yake hukuwahi kuyapata. Ulipostaafu ukaniambia, "Mama Mwende, hata mimi nataka kubebwa na maji." Nilicheka, maana kuogelea hukujua. Nikapika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, tukatoka kwetu Tawa, tukalala Mwingi kwa dada yako.

Ilikuwa Septemba, mwezi ambao kwetu hata kivuli kina joto, kwa hivyo hatukubeba hata koti. Kulipokucha, mawingu yalikuwa chini, manyunyu yanaanguka na upepo unakata masikio. Bwawani nilivaa jaketi la kuelea bila kuambiwa. Mwenye mashua akasema, "Mzee, hii ni baridi tu, sio mawimbi. Twende kidogo, mrudi mkunywe chai."

Ukanitazama nikikohoa.

"Hapana. Na hiyo kifua yako? Tutakuja joto ikirudi."

"Mimi nataka kwenda," nikasema.

"Mama Mwende, vua hiyo kitu turudi."

Tulikula muthokoi ndani ya gari, nawe ukawa unafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja ili ulione bwawa. Nilinuna mpaka Kitui. Uliponinunulia shuka nzito, ya rangi nisiyoipenda, niliendelea kununa ndani yake.

Joto lilirudi wiki iliyofuata. Kukawa na mazishi ya jirani, kisha kupanda, kisha harusi ya kanisani. Kabla ya Krismasi presha ikakuchukua, wewe uliyekuwa na kifua kizima.

Tangu hapo watoto wakitaja bwawa mimi nataja mbuzi, kuku, mikutano ya akina mama. Siogopi maji. Naogopa kufurahi bila wewe, halafu nirudi nyumbani nikose wa kumsimulia.

Simu ya Mwende imeingia nikiwa hapa hapa naandika. "Mum, wamesema kesho kutakuwa na baridi mbaya. Tusongeshe mpaka mwezi ujao?"

Kisingizio kilikuwa hicho, kimeletwa mpaka mlangoni. Nimemjibu kwa ukali: "Hakuna kusongesha. Mvae nguo nzito, mnichukue asubuhi."

Bado nimekukasirikia, mume wangu, kwa kunihurumia siku ile. Afadhali ningekohoa nikiwa na wewe majini.

Pumzika. Mimi naenda kutafuta soksi.

Mkeo,
Mama Mwende