Kinyama Kilichotupwa Ndooni

Chumba cha uani, nyuma ya duka la vitambaa
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo bado unakusumbua? Shemeji na wapwa zangu wazima? Sisi huku tunapumua. Wifi yako anakusalimu, yuko uani anaanua nguo.

Ukiona mwandiko umekwenda upande, usidhani nimelewa. Nimekatwa kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nilimkataza wifi yako asikuambie kwa simu. Ungelia tu, nami nisingepata nafasi ya kusema yanayonichoma.

Unakumbuka kile kiuvimbe kwenye ncha ya kidole, ulipokuja msibani kwa baba? Ulikigusa ukasema ni sugu ya mkasi. Kila mtu alisema hivyo. Hakikuuma, kilikua polepole tu. Nikaenda zahanati. Tabibu akanichoma ganzi, akakikata, akakitupa ndooni. Kikarudi. Akakikata tena, ndoo ile ile.

"Hakipimwi?" nikamuuliza.

"Fundi, wewe unataka tupime hata kucha?" Watu wote kwenye benchi wakacheka.

Kiliporudi tena kilikuwa kigumu, kinatoa majimaji yanayochafua vitambaa vya wateja. Wifi yako akaniburuta hospitali kubwa. Daktari wa ngozi, mama mmoja mpole, alikata kipande akakipeleka maabara. Siku ya majibu alifunga mlango kwanza. Akasema ni saratani ya tezi za jasho, ya nadra hata madaktari wengi wanastaafu bila kuiona. Hupenda vidole, na kwa kuwa mara nyingi haiumi, watu huidhani chunjua. Kuikwangua juu juu hakusaidii, lazima itolewe pamoja na nyama inayoizunguka, na yangu ilikuwa imeshafika mfupani.

"Kingepimwa mara ya kwanza, ningebaki na kidole?"

Akajibu, "Pengine."

Hilo "pengine", dada, ndilo ninalolala nalo.

Wamechukua na tezi ya kwapani kuangalia kama ugonjwa umetembea. Haujatembea. Picha ya kifua nayo safi. Lakini ugonjwa huu unaweza kuibukia mapafuni hata miaka ikipita, kwa hiyo nitakuwa mtu wa kupigwa picha mpaka nizeeke.

Tajiri wangu alikuja kunipa pole. "Afya kwanza, fundi, pumzika." Niliporudi dukani nikakuta mwanamke nisiyemjua ameketi kwenye cherehani yangu, kiti ameshakishusha kimfae yeye. Mimi sasa napiga pasi nguo alizoshona yeye. Anashona vizuri, na hilo nalo linaniudhi.

Nilikwenda kwa yule tabibu, nikamwekea mkono mezani. Akautazama. "Pole sana, fundi. Ni mipango ya Mungu."

"Mungu hakushika ile ndoo," nikamwambia.

Akaita mgonjwa mwingine.

Dada, mtu yeyote huko akitolewa kinyama mwilini, asiinuke kitini mpaka aambiwe kinapelekwa maabara gani. Wakimcheka, wacha wacheke.

Nisalimie shemeji, wapwa zangu wote, na mama mkubwa, ila yeye mwambie nilijikata na mkasi, presha yake haitaki haya. Mungu awafunike nyote. Nawe ukipiga magoti kuniombea, achana na kidole, hicho kimekwenda. Ombea mapafu.

Wako akupendaye, ingawa leo nimejaa nyongo,
Mdogo wako, Fundi