Sahani ya Treni ya Mpanda

Mama yangu wa Kaliua,

Kuna habari haikukufikia, na leo nakuletea. Ila kwanza nikuambie kazi yangu, maana ulifariki hujaijua.

Ninatengeneza kompaila. Usicheke. Ni programu inayochukua maagizo aliyoandika mtu, ikayageuza kuwa amri ambazo kompyuta inaweza kuzitekeleza. Mimi napanga ipi itangulie. Amri inayochukua muda naianzisha mapema, na inaposubiriwa zinafanyika zile zisizoitegemea. Nilipofundishwa hayo darasani nilicheka peke yangu. Nilikuona wewe kibandani kwetu pale stesheni, miaka ile ya Ujamaa: kisamvu kinatangulia jikoni, kikichemka unatwanga karanga, unachambua mchele, na mimi unanifokea, "We Mwajuma, mikono imelala?"

Halafu kuna kukisia. Programu ikifika njia panda, nakadiria itaelekea wapi kwa kuangalia ilikoelekea huko nyuma. Njia inayopitwa sana naiweka karibu, isiyopitwa naisogeza mbali. Nikikosea, kompyuta inaitupilia mbali kazi iliyokwisha kuianza. Kwetu reli iligawanyika, huku Kigoma, huku Mpanda, na wewe ulikisia treni ipi itatangulia kufika. Abiria wa Kigoma walitaka wali, wa Mpanda mihogo ya kuchemsha na asali. Ukikosea, mihogo ilitulalia, tukaila sisi mpaka tukaichukia. Lakini hukukosea mara nyingi.

Kwa baba tu ndipo hesabu zako sikuzielewa. Alipanda treni ya Mpanda kwenda kujenga nyumba za kijiji kipya cha ujamaa, akasema atarudi kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Watu wakaleta habari kwamba ameoa huko. Na wewe, kila treni ya Mpanda ilipokaribia, ulipakua sahani yake, ukaifunika kawa, ukaiweka kando ya mafiga. Treni ikiondoka ndipo ulipotupa tule. Wallahi nilikasirika! Wanao tunagombea ukoko, sahani nzima inamngoja mtu asiyekuja.

"Mama, baba harudi," nilikuambia.

"Huenda asirudi," ukasema. "Lakini akirudi, asikute jiko limezimwa."

Hukulia. Afadhali ungelia.

Siku hizi vijana ninaofanya nao kazi huniambia, "Mama, njia hii haipitwi, tuifute." Nakataa. Naisogeza mbali, sawa, lakini naijaribu mwenyewe mpaka nihakikishe inafika. Wananiona mbishi. Waache.

Sasa sikia habari yenyewe. Baada ya arobaini yako, kibanda tulikiendesha mimi na mdogo wako, mama mdogo. Treni ya Mpanda ikipiga honi, mkono wangu unapakua na kufunika. Mama mdogo akanisema, "Wewe nawe umerithi wazimu." Nikanuna, nikaendelea.

Mchana mmoja akashuka mwanamume aliyekonda, msumeno wake umefungwa kwenye gunia. Nikamwamkia shikamoo kama abiria yeyote. Alipoitikia marahaba, nikaijua sauti. Akakaa palepale pake pa zamani. Nikafunua kawa, mvuke ukatoka.

"Mama yako yuko wapi?"

Nikamsogezea sahani, akamega tonge. Akanitazama, akatazama kigoda chako kitupu, akaelewa. Alilia, mama, na tonge bado liko mkononi.

Alikaa na sisi mpaka alipofariki naye. Hasira zangu kwake hazijaisha zote, nakuambia kweli. Nakukumbuka zaidi ninapokuwa kazini, na kila Ijumaa nakuombea. Ulimngoja miaka yote ile na hukupata kujua, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi pumzika. Alikuja, mama. Na chakula kilikuwa cha moto.

Mimi kifungua mimba wako