Kwa Mebarka, Uliyemnyima Haji Tende

Mebarka wetu, mwaka umetimia tangu ulipotutoka ghafla, na hapa Biskra, mji wetu wa mitende, watu bado wanakuulizia wakimleta mgonjwa hospitali.

Ulikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi. Jibu la maabara likiletwa, ulilisomea kitandani kwa mgonjwa, mkono wako ukiwa kwenye mapigo yake. "Namba haiumwi," uliwaambia wanafunzi wako. "Anayeumwa ni huyu." Nyumbani ulirudi hoi, lakini kupika kuskus ya Ijumaa hukumwachia mtu.

Ramadhani ile baba mkwe wako, Haji Lakhdar, alilazwa wodini kwenu, figo zimegoma. Jioni jibu likaja: potasiamu ya damu imepanda hadi kiwango cha kusimamisha moyo. Wenzako wakadhani damu imeharibika njiani, kwani hutokea, wakataka ichukuliwe nyingine kesho. Wewe ukaenda kumshika miguu. Imelegea. Mapigo yanajikokota.

"Baba, wenzako walipofuturu ulikula nini?"

"Maziwa tu, binti yangu."

"Na kokwa hizi chini ya mto?"

"Za jirani."

"Jirani yako analishwa kwa mpira wa puani, Baba!"

Mzee akawaka. "Mtu wa Biskra apitishe Ramadhani bila tende? Bora nife!"

"Thubutu! Kwenye zamu yangu hufi."

Tende zina potasiamu nyingi, na figo zake hazikuweza kuitoa. Ukamwita daktari papo hapo. Mzee akachomwa sindano ya kulinda moyo, kisha akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Hukuketi mpaka kipimo cha pili kilipoonyesha inashuka. Haji alikununia wiki nzima.

Tulipokuzika, Haji, ambaye tangu siku ile alisafishwa damu kila wiki, alikataa kurudi kwenye mashine. "Mebarka yuko mchangani, mimi kizee nisafishwe damu ya nini?" Ilituuma sana. Binti yako Hanan, anayesomea uuguzi, akamletea viatu.

"Vaa, Babu. Mama alikukataza kufa, na neno lake halijafutwa."

Akavaa huku analia. Tangu siku hiyo hajakosa mashine, na anayempeleka ni Hanan.

Hatutalegea, Mebarka. Mungu akurehemu.

Unakumbukwa na mumeo Belkasim, wanao Hanan na Yazid, dada yako Wardia, wauguzi wenzako wote, na Haji Lakhdar, anayepumua kwa sababu yako. Maadamu tuko hai, tutakukumbuka.