Nyasi Zilizokatwa Kila Wiki

Mjukuu wangu Masanja,

Mwangaluka huko Mwanza. Usicheke kuitwa mjukuu na msichana aliyemaliza shule juzi. Babu yako ni kaka yangu. Sisi wazima, na pamba tumewauzia wanunuzi binafsi.

Unauliza kwa nini tunafunga ngitili, malisho yetu ya kiangazi, wakati ndama wana njaa. Mwaka jana baba alitaka kuifungua mapema. Mimi nilikuwa nikiwakatia ndama nyasi za pembeni kila wiki, nikidhani zitarudi nzito kama nywele. Zikazidi kuwa fupi. Naogopa kusema mbele ya wazee, lakini siku hiyo nilimwita.

“Baba, ng'oa hapa ninapokata.”

Shina likatoka kwa vidole viwili, mizizi mifupi kama ndevu za mbuzi.

“Sasa hili nisilolikata.”

Akavuta kwa mikono yote, akaanguka chali.

“Ng'wanawane, mwanangu, unataka kuniua?” akacheka.

Nikamwambia, tena bila kutetemeka, kwamba majani ndiyo yanayolisha mizizi.

Akarudisha miiba kuziba mlango wa ngitili. Ndama walilia mpaka nikaziba masikio, lakini kiangazi kilipokolea tuliifungua wakala, na hakufa hata mmoja.

Bibi yako,
Kabula