Shuka Kavu za Nyumba ya Wazee

Makambako,
14 Agosti, 1955

Mpendwa mdogo wangu Kefa,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Korogwe, kwamba homa uliyoniandikia imekuacha, na kile kidole ulichochomwa na mkonge kimepona. Sisi wa huku tupo. Shemeji yako Methusela anakusalimu sana, bado yuko na cherehani yake barazani mwa duka la Mhindi, akilalamika kwamba siku hizi watu wanataka suruali pana kama magunia. Watoto wamekua mpaka utawapita njiani bila kuwajua. Baridi ya mwaka huu imetutesa, umande uliganda juu ya viazi na majani yote yakaungua.

Habari nilizonazo si nzuri, nami sitaki uzisome umesimama. Tafuta mahali ukae. Usimpe mwenzako akusomee, soma mwenyewe, na ufike mpaka chini kabla hujaanza kunikasirikia. Ukifika chini, kasirika utakavyo.

Unakumbuka barua yako ya mwezi wa nne. Ulinituma mambo mawili: nimtafutie Baba nafasi katika ile Nyumba ya Wazee ya misheni, na nimwambie mkeo Tabea arudi kwao mpaka utakapomaliza mkataba, kwa sababu amemtupa baba yako. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekuandikia hivyo. Baba alikuwa amelala upande mmoja wa mwili umekufa, akiniambia kwamba Tabea anamwacha kwenye uchafu wake, anamwekea ugali uliopoa mlangoni kama mbwa, na mimi nikaandika yote, nikatia na chumvi yangu. Unanijua. Tabea hajawahi kunikosea chochote, ila ni mtu wa kimya, na mimi na watu wa kimya hatuivi chungu kimoja.

Nilimfikishia maneno yako yote bila kupunguza. Hakubisha. Aliuliza tu nani atampikia Baba jioni ile, nikamjibu kwamba hayo si yake tena. Akafunga mzigo, akamweka mtoto mgongoni, akashika njia ya kwao Igwachanya. Nilimtazama akienda, na nakuambia kweli, nilifurahi.

Ile nyumba ya misheni sikuichagua kwa kusikia tu. Kabla ya kumpeleka Baba nilikwenda mwenyewe kuipima, maana mimi si wa kudanganywa na bati jipya na madirisha ya vioo. Niliingia jikoni nikafunua vyungu, nikakuta maharage yameiva vizuri. Nilihesabu mablanketi. Lakini zaidi niliitegemea pua. Wewe hukumuuguza bibi, mimi nilimuuguza, najua nyumba ya mtu asiyejiweza inavyonuka, hata ukiipiga deki mara ngapi. Kule hakukuwa na harufu. Nilipita kitanda hadi kitanda, nikapenyeza mkono chini ya wazee wa watu bila hata kuomba ruhusa, na kila shuka ilikuwa kavu. Sista Oktavia, msimamizi wao, alinifuata nyuma na funguo zake akinitazama tu. Nilimwambia sisi ni Walutheri, akasema hatamlazimisha mtu kushika rozari, na kwamba mgonjwa hana dhehebu. Nikaona hapa ndipo.

Mwezi wa tano tukampakia Baba kwenye lori la magome ya miwati. Alikubali upesi kuliko nilivyotazamia. Watu wa usharika walinong'ona kwamba watoto wa siku hizi wanatupa wazazi kwa Wakatoliki, nikawajibu waje basi wao kumgeuza usiku. Hakuja mtu. Nani angekuja? Vijana wote wako huko huko mkonge pamoja nawe, au wamekwenda migodini, na kijiji kimebaki na wanawake na wazee.

Nilipokwenda kumtazama mara ya kwanza nilimkuta amenyolewa ndevu, shati safi, shuka kavu. Midomo yake ilikuwa imepasuka mpaka damu. Nikasema ni baridi, nikampaka mafuta. Hakuongea sana. Nilirudi Makambako nikijisifu kwa Methusela mpaka akaniomba ninyamaze.

Mara ya pili ilikuwa mwanzoni mwa Julai, nami nilimchukulia kibuyu cha togwa. Kefa, alikishika kwa ule mkono wake mzima na hakukishusha mpaka kikaisha. Akakipindua, akalamba mdomo wa kibuyu. Halafu akaanza kulia. Baba hakulia hata siku tulipomzika Mama, na pale alilia kwa ajili ya togwa. Nilimuuliza ana nini, akageuza uso ukutani.

Aliyenieleza ni Mzee Silvesta wa kitanda cha jirani, ambaye zamani alikuwa katekista na sasa miguu yake haifanyi kazi. Alisema mle ndani baada ya saa sita za mchana hapewi mtu cha kunywa. Asubuhi kikombe cha uji, basi. Viazi vya jioni vinashuka vikavu. Anayelowesha kitanda hupelekwa kwenye kitanda cha mlangoni, na asubuhi huoshwa na wasichana wa misheni, wasichana wa umri wa wakamwana wetu, wenzake wote wakitazama. Kwa hiyo wazee wamefikia mahali pa kukataa hata kile kikombe cha uji wanachopewa. Baba alikuwa amekataa siku nyingi. Silvesta alisema alfajiri, ukungu ukishika kwenye vioo, wale wanaoweza kuinuka huramba dirisha. Aliyasema bila uchungu, kama anayemweleza mgeni saa za misa.

Nilimwendea Sista Oktavia nikiwa nimekunja mikono ya gauni. Hakukana. Alinichukua nyuma ya jengo, akanionyesha kamba zilizojaa shuka tangu Jumatatu, zote mbichi, kwa sababu jua halionekani kule mwezi wa saba. Wasichana wa kuwageuza wazee ni wawili tu. Ngozi ya mzee ikilala kwenye maji inaoza, alisema, naye amezika wengi waliooza, na katika vifo viwili alikuwa amechagua kile ambacho hakitoboi mwili. Halafu akaniuliza jambo ambalo halijanitoka mpaka leo.

"Mama Ema, siku ile ulipokuja kupima nyumba yangu, uligusa nini? Uligusa shuka. Kila anayekuja hapa hugusa shuka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza wanakunywa nini."

Nilitaka kumchukia yule mwanamke na sikuweza, maana kama angewapa maji na kitanda kikalowa, mimi ningepita, ningenusa, na ningempeleka Baba kwingine.

Nikarudi kwa Baba, nikamwambia nitampeleka Makambako kwangu. Akakataa katakata. Alale nyumba moja na mkwe wake, aoshwe na binti yake huku Methusela anasikia upande wa pili wa ukuta? Alisema afadhali afie palepale na kiu yake. Nikamwambia basi twende nyumbani, nitatafuta mtu wa kukuhudumia, mtu bora kuliko Tabea. Hapo akafumba macho.

"Nilimsingizia yule mtoto," alisema.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Tangu Baba aanguke wakati wa mvua, Tabea alikuwa anamwosha. Mwanzoni alimwekea maji mlangoni akaondoka, kama desturi yetu inavyomtaka mkamwana afanye kwa baba mkwe. Baba alijaribu kujiosha mwenyewe akaanguka kwenye maji yale, akalala hapo. Kesho yake, kabla jogoo hajawika, Tabea aliingia. Alichukua kanga yake akamfunika Baba uso, akamwosha mwili mzima, akambadilisha nguo, akachochea moto, akatoka bila kusema neno. Akafanya hivyo kila alfajiri, mvua zote. Baba anajifanya amelala, naye Tabea anajifanya haoni kwamba yuko macho. Chakula alimlisha kwa kijiko, uso ameupeleka pembeni. Baba alisema hakulala na njaa hata siku moja.

Lakini aibu ilimla. Alisema alikuwa akilala chini ya ile kanga akijiona maiti, na maiti hana aibu, ila yeye alikuwa nayo. Kunieleza mimi kwamba mkamwana amemwona, hakuweza. Kumwomba Tabea aache, hakuweza pia, kwa sababu ingebidi walitaje jambo lenyewe. Akaona njia ni moja: aseme hatunzwi, ili wewe umwondoe. Alijua utamwondoa yeye. Hakujua utamwondoa Tabea.

Sikupumzika. Nilikwenda Igwachanya nikamkuta mkeo shambani kwa baba yake akivuna mahindi, nikapiga magoti kwenye mabua mbele yake, mimi wifi yake mkubwa, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kumenya. Kisha akasema atakuja, ila kwa sharti.

"Sitamwosha tena kama mwizi," alisema. "Mume wangu akubali kwa neno lake, nami nitamwosha mchana, mlango wazi. Asipokubali, mtafute mwingine."

Barua kwenda Korogwe na kurudi ni wiki tatu, na Baba hakuwa na wiki tatu. Nikamwambia umeshaandika. Nikamwambia nilikueleza kila kitu, ukajibu kwa mkono wako kwamba umeridhia na unamshukuru. Tabea aliuliza barua iko wapi nimsomee. Nikasema nimeisahau Makambako. Kefa, hii ndiyo mara ya kwanza niliyomwona mkeo akilia, na alilia kwa furaha kwa sababu ya maneno ambayo hukuyasema.

Tulimtoa Baba misheni. Sista Oktavia mwenyewe alisaidia kubeba machela mpaka barabarani, na hatukuagana vibaya. Nyumbani Tabea alichemsha maji, akafungua mlango wote, akamwosha Baba jua likiwa juu. Alikuwa anamwambia, "Baba, geuka kidogo," naye Baba anaitikia, "Haya, mama." Hivyo tu. Akampa maji, akampa uji, akampa maji tena, na Baba akalowesha kitanda, na Tabea akakitandika upya, na harufu ilikuwepo, Kefa. Mimi nilikaa ndani ya harufu ile nikashukuru.

Lakini mwili ulikuwa umeshakauka. Alishuka siku hadi siku, na Jumapili ya mwisho ya Julai, watu wakiwa kanisani, Baba yetu alifariki. Alikuwa anatutambua wote wawili. Pole, mdogo wangu. Pole sana. Sikukupigia simu ya maandishi ya posta kwa sababu simu ina maneno machache, ingekuambia amekufa, nawe ungebaki na yale niliyokuandikia mwanzo, ukamlaumu mkeo mpaka kaburini.

Tumemzika pembeni mwa Mama. Lakini siku ile ya msiba, wazee walipoingia kumwosha, walimkuta ameshaoshwa, kucha zimekatwa, mwili umepakwa mafuta. Wakatoka kuuliza ni nani. Tabea akasema, "Ni mimi," hakuinamisha hata kichwa. Mzee Mikaeli, mzee wa kanisa, alisema mwanamke aliyemfunua baba wa mumewe hawezi kupika chakula cha msiba ule wala kubaki katika mji ule. Kuna waliokwisha kusimama wamtolee vyombo vyake nje. Ndipo niliposimama nami nikasema mwenye mke ameruhusu, ameandika, barua ninayo. Mzee Mikaeli akatafakari, akasema neno la mume ni neno. Siku arobaini zikitimia, wazee watakaa, na hiyo barua isomwe mbele yao.

Sasa unajua kwa nini nilikuambia ukae. Barua hiyo haipo, na mwenye kuifanya iwepo ni wewe. Iandike, Kefa. Andika kwamba ulijua, na kwamba ulimruhusu mkeo amwoshe baba yako mchana, mlango wazi. Weka tarehe ya mwanzo wa Julai. Bahasha nitaichoma kwa sababu ya mhuri wa posta, nitasema watoto waliichezea. Ukikataa, nitaonekana mwongo mbele ya kijiji kizima, na hilo nitalibeba, nimelistahili. Lakini Tabea atafunga mzigo mara ya pili kwenda Igwachanya, na safari hii hataitwa arudi.

Nikomee hapa, taa inaishiwa mafuta. Methusela anakupa pole ya msiba, watoto pia. Usifanye kazi ukiwa na homa, na ule vizuri. Tabea hajui kwamba nakuandikia haya. Asubuhi nilipoagana naye kijijini na kumwambia nina barua ya kukutumia, alifikiri kidogo, akaniomba nikufikishie salamu zake, na niandike kwamba anakushukuru sana kwa ile barua yako.

Ni mimi dada yako,
Ema