Mama Injinia, kwa Herufi Kubwa

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mdomo umeshazoea.

Jana baba mdogo alinipigia simu kutoka Inyonga. Ukoo umekubaliana kukujengea kaburi la saruji, maana ule msalaba wa mbao umeanza kuliwa na mchwa. Akauliza tuandike nini. Nikamwambia aandike jina lako la ubatizo. Akacheka kabisa. "Hapa nani anamjua Felista? Nyie wasomi bwana! Tunaandika Mama Injinia, kama ilivyo kwenye msalaba."

Sikulitaka jina hilo, na sababu unaijua. Walianza kukuita hivyo siku nilipopanda basi kwenda chuo, na wewe hukumrekebisha mtu. Sokoni, kanisani, kwenye chama cha tumbaku, Mama Injinia. Na injinia mwenyewe hayupo! Sheria haimpi mtu cheo hicho mpaka bodi ya wahandisi imsajili, na shahada zangu mbili, ya ujenzi na ya maji, ni za darasani tu. Wanataka miaka ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kisha usaili. Nilipokueleza, uliweka sufuria chini ukaniuliza, "Kwani hao wanataka digrii ya ngapi?" Nilicheka, ingawa nilikuwa na hasira kuliko wewe.

Baadaye ndipo ukasema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basi nimeinama hasa. Tangu uondoke nimeacha kile kiti cha ofisini Dar, nimerudi Mpanda, natambaa ndani ya makalavati na tochi nikitafuta nyufa. Mhandisi anayenisimamia ni mama mmoja mkali, ripoti zangu ananirudishia mpaka nachoka. Mvua za kwanza zilipokuja, kalavati nililolisanifu mimi lilipitisha maji yote, barabara ikabaki kavu. Nikatoa simu nikupigie. Namba yako nilikuwa nimeshaifungua, Mama. Nikakaa kwenye tuta, nikalia mbele ya vibarua.

Usaili wangu ni mwezi ujao. Naogopa. Wakinirudisha nitaenda tena, na tena, mpaka wanizoee.

Leo asubuhi nimempigia baba mdogo. Nimemwambia aandike Mama Injinia, kwa herufi kubwa, na zege asilimwage mpaka nifike nilisimamie mwenyewe.

Lala salama, Mama. Jina hilo umelibeba peke yako muda wote huu. Nakuja kukutua.

Mwanao,
Neema