Chai ya Wageni

Tarawa, 3 Machi

Mama mpendwa,

Nakusihi, neno hata moja la barua hii lisimfikie mtu. Ukimaliza kusoma, ichome. Shikamoo. Mjukuu wako Mweia anaendeleaje na tumbo lake?

Kile kipimo kilichowekwa kisimani kwetu hutuma habari hadi kwenye kompyuta yangu hapa ofisi ya maji. Kinasema chumvi imezidi. Maji yale hayamfai mtoto. Lakini kwenye ramani kijiji chetu kimepakwa kijani, rangi ya maji salama, maana watafiti waliandika kuwa mlisema maji ni matamu. Mtambo wa kuchuja chumvi utapelekwa kwingine. Nilimweleza mkuu, akacheka: “Kijana, wenyewe wamesema. Kipimo chako kimelewa.”

Mama, kwa nini mlisema vile?

Mwanao, Iobi

Temotu, 20 Machi

Mwanangu,

Barua nimeichoma. Sisi wazima, ila mjukuu wangu bado anaharisha, macho yameingia ndani.

Unauliza kwa nini! Wewe umelelewa na nani? Mgeni akiketi katika maneaba, ukumbi wa kijiji kizima, umwambie kisima chako kibaya? Tuliwapa maji ya mvua, yale ya mwisho, wakanywa wakasifu. Mzee Bureua akajibu kama mwenyeji anavyojibu. Wasomi wazima, hakuna aliyeinuka kwenda kuchota kisimani!

Nimemwomba mzee aseme kweli. Ananiambia, “Nei Rotia, neno la maneaba likishatemwa halirambwi.” Haya. Mkuu wako anakuja na wafadhili kupigwa picha kwenye kijiji chake cha kijani. Safari hii chai napika mimi.

Mama yako

Tarawa, 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mkuu amerudi amenuna. Anasema alitema chai yako mbele ya wafadhili, nawe ukamwambia, “Kunywa, baba. Mjukuu wangu anakunywa maji hayohayo.” Wafadhili wakakiamini kipimo. Kijiji sasa ni chekundu kwenye ramani, na mtambo umepakiwa melini.

Naye anamsaka aliyekupasha habari! Mtoto anakauka kwa ajili ya kijani chake, na mkosaji niwe mimi? Naandika kwa hasira. Kwa woga pia, sikufichi.

Usiandike tena ofisini. Barua mpe Kaitu, mpishi wa meli hiyo inayoleta mtambo. Ataiacha kwa Nei Terina, yule mama muuza samaki wa bandarini Betio. Juu ya bahasha usiandike jina langu. Na mstari wa kwanza uwe wa hali ya Mweia. Salamu zifuate baadaye.

Mwanao